Baba wa Kitanda cha Nne

Kosa alilolifanya Naisula siku yake ya kwanza wodini lilikuwa kosa la adabu nzuri, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Angekuwa amevunja chupa ya dawa, au amechoma sindano mahali pasipo pake, angegombezwa, angelia kidogo, yangekwisha. Lakini mtu anayekosea kwa sababu amelelewa vizuri amlilie nani?

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Julai, mwaka themanini na nne, majira ambayo baridi ya Karatu hushuka kutoka msitu wa kreta na kukalia mabati mpaka saa nne. Wanafunzi wawili wa udaktari walikuwa wameletwa kutoka Dar es Salaam kwenye hospitali moja ya misheni kuanza mazoezi ya wodini. Miaka miwili walikuwa wameusoma mwili wa binadamu vitabuni na kwenye maiti. Sasa walitakiwa waushike ukiwa hai, unaongea na kulalamika. Mmoja alikuwa Thomasi, kijana Mmbulu wa huko huko Karatu, mrefu, mwepesi wa kucheka, ambaye mama yake muuza vitunguu alikuwa ameshatangaza soko zima kwamba mwanawe sasa anapasua watu. Mwenzake alikuwa Naisula binti Tajewo, Mmaasai wa Enguserosambu, msichana wa kwanza kijijini kwao kuvaa koti jeupe. Koti lenyewe lilitiwa wanga mpaka likawa gumu kama ubao, na lilikuwa likimkwaruza shingo.

Aliyewapokea alikuwa Dokta Sylvesta, daktari wa upasuaji, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa plasta upande mmoja. Vitu vingi vilikuwa adimu mwaka ule, na fremu za miwani zilikuwa mojawapo. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Hapa sina wanafunzi," aliwaambia. "Nina mtu anayeijua hali ya mgonjwa wake na mtu asiyeijua. Thomasi, kitanda cha sita. Naisula, cha nne. Wahojini, wachunguzeni kuanzia utosini hadi kwenye kucha, andikeni. Kesho saa mbili mtanieleza. Na mgonjwa akihitaji kupasuliwa, mwanafunzi wake ataingia nami kushika vyombo."

Naisula aliposikia habari ya kushika vyombo alisahau hata koti. Kuingia chumba cha upasuaji ndilo jambo alilolitamani miaka miwili yote aliyokariri majina ya mishipa huku wenzake wakienda dansi. Akaomba moyoni, Mungu amsamehe, kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne awe anahitaji kupasuliwa.

Kitanda cha nne kilikuwa na mzee wa Kimaasai, Lomayani jina lake, aliyefika jana yake kwa lori la mahindi kutoka Nainokanoka, huko juu. Masikio yake yalitobolewa na kuvutwa hadi karibu na mabega. Walikuwa wamempa kanzu ya kijani ya hospitali, ile isiyofunga nyuma, naye akaikubali kwa sharti la kuvaa shuka lake jekundu juu yake. Sakafuni kando ya kitanda alikaa mkewe, Nashilu, ambaye kila akigeuka shanga zake ziliimba, na kila zikiimba Sista Leonida, muuguzi mkuu wa wodi, alimtazama kwa jicho la pembeni. Kwenye faili paliandikwa maneno matatu tu: *Tumbo linauma. Achunguzwe.*

Basi Naisula akaenda na kalamu yake na daftari lake, na mpira wa kusikilizia moyo ukining'inia shingoni. Alipobakiza hatua mbili, shingo ikafanya ilichozoea kufanya tangu alipojua kutembea. Akainamisha kichwa, kama mtoto wa Kimaasai anayemsalimia mkubwa.

Mzee akanyoosha mkono, akaweka kiganja utosini pake. "Takwenya," akasema.

"Iko," Naisula akaitikia.

Uso wa mzee ukafunguka. Tangu jana alikuwa hajasikia neno la Kimaasai isipokuwa kutoka kwa mkewe, na la mkewe alikuwa amelizoea. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Tajewo, wa Enguserosambu."

"Tajewo wa rika gani?"

"Nyangusi, baba."

"Nashilu," mzee akamwambia mkewe, "umesikia? Mimi Nyangusi, babake Nyangusi. Tumekuja kwa wageni tukamkuta binti yetu."

Kwa nusu saa wodi nzima ilimwonea wivu Naisula. Mgonjwa wa Thomasi alikuwa akijibu kila swali kwa kukohoa, ilhali wa kwake alieleza kila kitu: anakula nini, analala upande gani, alivyoumwa homa mwaka wa ukame, jinsi tumbo lilivyoanza kumsumbua baada ya kumvuta ng'ombe aliyenasa kwenye tope. Naisula aliandika kurasa tatu, akapiga mstari chini, akasema kwa furaha:

"Sasa baba, fungua nguo kidogo nilitazame hilo tumbo."

Mzee akalivuta blanketi taratibu mpaka kidevuni.

"Binti yangu," akasema kwa upole, "kaa vizuri. Tuzungumze habari za kwenu."

Hapo ndipo Naisula alipojua amefanya nini, na jasho likamtoka pamoja na baridi yote ile. Kwao, binti wa mtu mmoja wa rika ni binti wa rika zima. Baba havui nguo mbele ya binti, na binti hatazami wala hataji. Angemsalimia yule mzee kwa Kiswahili, kwa mkono, kama karani wa benki, angekuwa daktari wake. Yeye alimpa kichwa akapewa baba. Wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Huyu aliinama, na kwa kuinama akakikosa.

Sista Leonida, aliyekuwa akisikiliza bila kuelewa neno, alisogea. "Kuna nini hapo?"

"Hataki kufunguliwa nguo, Sista."

"Mwambie mficha uchi hazai."

Naisula akashusha pumzi, akaitafsiri methali kwa namna ambayo binti angeweza kuisema mbele ya babake, yaani kwa kuiparaza tu. Mzee aliielewa nzima.

"Mwambie mama huyu," akajibu, "boma langu limejaa watoto, na uchi wangu haujaonwa na mtu. Huko kwao labda wanazaa kwa kutazamana."

Naisula alimwambia Sista kwamba mzee ameomba apewe muda.

---

Jumanne saa mbili raundi ilianza. Thomasi alimweleza mgonjwa wake wa kitanda cha sita vizuri, mapafu na yote, na Dokta Sylvesta akaitikia kwa kichwa mara moja, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na mtu mwingine kupiga makofi. Wakafika kitanda cha nne. Naisula akasoma kurasa zake tatu.

"Historia nzuri," Dokta akasema. "Na tumbo?"

"Sijaliona, Dokta."

"Kwa nini?"

Naisula aliangalia viatu vyake. "Kwa sababu ni baba yangu."

Dokta akafungua faili. "Hapa naona Lomayani. Wewe ni Tajewo."

"Ni baba yangu tangu jana saa tatu asubuhi."

Thomasi akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka. Sista Leonida alikohoa. Dokta Sylvesta alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akamwona Naisula yuko pale pale na jibu lake ni lile lile. "Toka nje ya pazia," akasema. "Thomasi, njoo."

Pazia likavutwa. Naisula akasimama upande wa pili na daftari lake kifuani, uso ukimwaka. Ukweli ni kwamba pazia la hospitali huzuia macho tu. Masikio hayana pazia.

"Mzee, uvimbe huu ulianza lini?"

"Zamani. Ngombe nanasa kwa tope, mimi navuta."

"Siku zote huwa unarudi ndani?"

"Narudi. Nalala, narudi. Juzi hapana, jana hapana."

Dokta akabonyeza. Mzee akaguna kwa maumivu.

"Huu ni mshipa, mzee," Dokta akasema. "Ngiri. Utumbo umetoka kwenye tundu na umenaswa. Hauwezi kurudi wenyewe. Lazima tukate leo."

"Kata wapi?"

"Hapa chini. Hapa hapa."

Kiswahili cha mzee Lomayani kilikuwa Kiswahili cha mnadani. Alilijua fahali na mtamba, alijua bei na punguzo, alijua pia kumwambia mnunuzi kwamba ng'ombe huyu hajawahi kuugua tangu azaliwe. Na katika Kiswahili hicho, dume anayekatwa pale chini ana jina moja tu.

"Maksai," akasema polepole.

Dokta Sylvesta alikulia Tanga mjini na hajawahi kumiliki hata kuku. Kwa lafudhi ya mzee alidhani amesikia neno la Kimaasai la kukubali. Akampigapiga begani kwa wema wote. "Ndiyo, mzee wangu. Maksai. Leo hii hii."

Nje ya pazia Naisula aliziba mdomo kwa daftari. Kicheko kilimjia na hofu ikamjia, vyote kwa mpigo, na hakujua kipi kitangulie.

"Nashilu," mzee akasema kwa Kimaasai, sauti imekuwa ya mtu anayehama, "funga mizigo. Hawa wanataka kunifanya maksai, na daktari mwenyewe amekiri. Lori linaondoka saa sita."

---

"Amekubali?" Dokta aliuliza alipotoka.

"Amekataa, Dokta. Anaondoka na lori la saa sita."

"Haiwezekani. Nimemweleza, akakubali." Binti asingeweza kukiri amelisikia neno lile la maksai, sembuse kulirudia. Dokta akashusha sauti. "Nisikilize. Lori hilo na barabara ile ya juu, akiondoka nalo hafiki kwake salama. Utumbo ulionaswa huoza. Mwambie hivyo, kwa Kimaasai, sasa hivi. Wewe peke yako hospitali nzima ndiye unayekijua."

"Siwezi, Dokta. Mahali penyewe panapouma siwezi kupataja mbele yake. Nikipataja nimemtukana, na ataondoka hata kwa miguu."

"Kwa hiyo atakufa kwa heshima."

Alilisema bila ukali, na kwa hiyo lilimchoma zaidi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo. Naisula alimwona mzee ameshakaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja tumboni, anatafuta makubazi yake kwa mguu. Alimwona Nashilu anafunga fundo la shuka, kisha anafungua, kisha anafunga tena, kama mtu ambaye mikono yake imekubali kuondoka lakini mwenyewe bado. Naisula akamfuata. "Yeyo," akamwambia, kama anavyomwita mama yake, "njoo unisaidie kuchota maji."

Nashilu alitazama ndoo, akaona imejaa. Akainuka akaenda.

Bomba lilikuwa nyuma ya jiko, mahali ndugu wa wagonjwa walipofulia nguo. Wanawake wawili wa Kimbulu walikuwa wakisuuza mashuka bila sabuni, maana sabuni ilikuwa hadithi mwaka ule. Naisula akamkalisha Nashilu kwenye jiwe. Baba ana mipaka yake, lakini binti na mama, sketi ikishagusana na sketi, wanasema lolote.

"Yeyo, kibuyu chako cha maziwa kikipata ufa ubavuni unafanyaje?"

"Nakishona."

"Hukitupi?"

"Nani anatupa kibuyu kizuri? Unatoboa kando ya ufa, unapitisha uzi wa ngozi, unakaza. Kinakaa miaka."

"Baba amepata ufa. Hapa." Akajionyesha kinenani, juu ya sketi. "Kilicho ndani kinatokea kwenye ufa, na sasa kimebanwa. Daktari anataka kukirudisha ndani na kuushona ufa. Basi. Hakuna kinachoondolewa."

Nashilu alimtazama sana. "Hakuna?"

"Hakuna hata kimoja, yeyo."

"Daktari amesema maksai. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Daktari hajui maksai ni nini. Anadhani ni ndiyo ya kwetu."

Kicheko kilichomtoka Nashilu kiliwafanya wale Wambulu waache mashuka. Alicheka akishika magoti, shanga zikigongana, akajifuta machozi kwa ncha ya shuka. "Mzee wa watu," akasema, "amekaa kitandani pale anaaga mifugo yake." Halafu akatulia. "Ni kweli atakufa?"

"Asiposhonwa leo, ndiyo."

"Basi twende. Kwa umri wake, hata wangeviondoa nisingewashtaki, lakini mtu mwenyewe namhitaji."

---

Sasa sikiliza jinsi watu wanne walivyozungumza asubuhi ile, maana mpaka leo Thomasi huisimulia kwenye arusi. Ndani ya pazia mzee Lomayani, amekaa, makubazi mguuni. Kwenye mwanya wa pazia Nashilu, nusu ndani nusu nje. Nje, pua ikigusa kitambaa, Naisula. Nyuma yake Dokta Sylvesta na saa yake.

"Nimezungumza na mtu," Nashilu akamwambia mumewe.

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Mzee aliona ncha za viatu vyeusi vya shule chini ya pazia. Akavitazama, akaacha kuvitazama. "Anasemaje huyo mtu?"

"Anasema si maksai. Ni kibuyu. Umepata ufa, wataushona."

"Mwulize huyo mtu, uzi gani?"

Naisula akamuuliza Dokta kwa Kiswahili. Dokta akasema ni uzi imara uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Naisula akamwambia Nashilu kwa Kimaasai, kwa sauti ya kawaida, hatua moja na nusu kutoka masikio ya mzee, na mzee akangoja kwa subira mpaka mkewe alipogeuka na kumrudishia neno lile lile.

"Mwulize kama nitatembea tena na ng'ombe."

"Kutembea wiki hii hii. Kuvuta ng'ombe kwenye tope, asahau. Kazi hiyo awaachie wanawe," jibu la Dokta likafika kwa njia ile ile.

"Wanangu ni wavivu," mzee akasema, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Swali lililofuata lilikuja kwa sauti ya chini. "Mwulize huyo mtu, ana hakika hakuna kitakachopungua?"

"Ana hakika."

"Amejuaje?"

Nashilu akamtazama Naisula. Naisula akatazama dari. "Amesoma kitabuni," akanong'ona.

"Amesoma kitabuni," Nashilu akasema.

Ndani ya pazia mzee Lomayani alitafakari jambo hilo kwa muda. "Vitabu gani hivi," akasema hatimaye, "wanavyosomeshwa watoto wa watu." Akavua kubazi moja, halafu la pili. "Sawa. Nitashonwa. Lakini mwambie huyo mtu asiwemo ndani. Nikilala nimefunuliwa kama mbuzi wa kuchunwa, asiwemo."

Naisula hakuhitaji kumtafsiria Dokta ili ajue amepoteza nini. Tusidanganyane, ilimuuma, maana chumba kile cha upasuaji kilikuwa mlango wa tatu kutoka pale, na zamu ilikuwa yake.

"Mwambie hatakuwemo," akasema.

Dokta Sylvesta aliposikia aliangalia orodha yake, akafuta jina moja, akaandika jingine. "Thomasi," akaita, "kaoshe mikono."

Ikabaki karatasi. Sista Leonida alikuja nayo, ile ya idhini, na kidau cha wino. Mzee akabonyeza dole gumba. "Na hapa chini ndugu wa mgonjwa anayejua kuandika," Sista akasema. "Mama hajui?"

"Hajui."

"Basi hatuna ndugu. Na mtumishi wa hospitali haruhusiwi kutia sahihi ya ndugu, wala usinitazame hivyo, sheria si yangu."

Naisula akafungua vifungo vya koti jeupe kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni, akavua na ule mpira wa shingoni akautundika juu yake. Akabaki na blauzi yake na sketi, kama msichana yeyote aliyemleta mzazi hospitali. "Mimi si mtumishi tena, Sista," akasema. "Nipe kalamu." Akaandika jina lake lote, na mahali palipoandikwa *uhusiano* akaandika: binti.

Sista Leonida alilisoma neno lile, akaisoma na sura iliyoliandika, akaichukua karatasi. Naye alikuwa na babake huko kwao Mbulu.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji mhudumu, ambaye hakuwahi kumwona Naisula bila koti, alimzuia kwa kiganja. "Ndugu wangojee nje."

Wakangojea kwenye benchi, yeye na Nashilu. Saa sita lori lilipiga honi barabarani mara tatu, likasubiri, likaondoka. Nashilu aliushika mkono wa Naisula akauweka mapajani mwake. Naisula alijua kila hatua iliyokuwa ikifanyika mle ndani, na akagundua kwamba kujua hakusaidii kitu. Kwenye benchi lile aliogopa kama yule mama asiyejua lolote, pengine zaidi, kwa sababu alijua na yale yanayoweza kuharibika.

Saa saba kasoro Thomasi alitoka, kofia imemkaa kombo, midomo mikavu. Hakuwa anacheka.

"Utumbo ulikuwa umeanza kugeuka rangi," akasema. "Lakini mzima. Dokta anasema mpaka jioni tungeukuta mweusi. Amerudisha, ameshona." Akakaa benchini kwa kishindo. "Mimi nilikaribia kuanguka mara mbili. Usimwambie mama."

Naisula akamgeukia Nashilu amweleze, na maneno yakakataa. Akalia tu, kwa Kimaasai au kwa Kiswahili, nani ajuaye. Nashilu alielewa.

---

Mzee Lomayani alikaa wodini siku kumi, na katika siku hizo alifanya jambo moja la wema lililomtia Naisula hasara kubwa. Kila mzee wa Kimaasai aliyelazwa, yeye alimwita kutoka kitandani kwake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe bondeni: "Huyo mwenye koti ni binti yetu. Wa Tajewo. Nyangusi." Na kila mzee alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Wagonjwa wengine unawapima vizuri sana," Dokta Sylvesta alimwambia Naisula. "Vyombo umeshashika mara tatu, na mkono wako ni mtulivu kuliko wa Thomasi. Lakini wazee wa huko juu ndio niliowataka uwe nao, kwa kuwa sina mwingine anayewasikia. Sasa ninao watatu wodini, na wote ni baba zako."

"Nitafanyaje, Dokta?"

"Sijui. Ningekuwa najua mambo ya kwenu nisingesema maksai."

Neno hilo ndilo lililomfunza Naisula kwamba Thomasi, aliyekuwa ndani ya pazia siku ile, hana siri. Alicheka, lakini jioni alipokuwa akifua koti lake alihuzunika kweli. Alikuwa amesoma miaka yote ile ili siku moja watu wa kwao wapate daktari anayesikia wanachosema. Sasa walikuwa wakimwambia kila kitu isipokuwa panapouma.

Siku ya kuondoka, mzee alitoka hadi uani kwa miguu yake, fimbo mkononi, Nashilu nyuma na mzigo. Naisula alikuwa hapo na vidonge vyao kwenye karatasi. Aliinamisha kichwa. Mzee alimgusa, akamtemea mate kidogo kwenye viganja kumbariki, Sista Leonida akaona kutoka dirishani akafumba macho.

"Binti," mzee akasema, na mara hii hakupitia kwa mtu yeyote, "nimelala pale nikafikiri. Yule muuguzi Mmbulu ananigeuza kama gunia la mahindi, nami sioni haya. Unajua kwa nini? Simjui babake."

"Ndiyo, baba."

"Huko kwetu wapo wazee wana ufa kama wangu. Wanaficha. Nitawaambia waje." Akachora mstari mavumbini kwa fimbo, akaufuta kwa kubazi. "Mimi nina binti tayari, nimemaliza. Wao nitawaambia hospitali ya Karatu kuna daktari msichana Mmbulu, mwenye mkono mzuri, asiyejua Kimaasai hata kidogo. Wasimuulize baba yake ni nani. Na wewe usiiname. Umenielewa? Usije ukaniaibisha kwa adabu zako."

Mzee hakungoja jibu, alikuwa ameshaanza kumgombeza Nashilu kuhusu mzigo.

---

Walikuja wiki ya mwisho ya mazoezi, wazee wawili, kwa lori lile lile. Naisula aliwakuta kwenye benchi la wodi, wameketi wima na fimbo zao katikati ya magoti. Shingo ilimwuma kwa kuizuia. Akanyoosha mkono kama karani wa benki.

"Hamjambo wazee," akasema kwa Kiswahili, akikiburuza kidogo kama anavyofanya Sista Leonida. "Karibuni."

"Hatujambo, Mmbulu," wakajibu pamoja, kwa Kiswahili cha mnadani, kama watoto walioambiwa nini cha kusema.

Akampeleka wa kwanza nyuma ya pazia, na mwenzake akafuata kumpa moyo. Mzee alilala chali, akaanza kulegeza shuka, kisha mkono ukasimama. Alimtazama Naisula paji la uso, akamtazama pua. Akageuza kichwa, akamwambia mwenzake kwa Kimaasai, taratibu, kama vile wako malishoni peke yao:

"Huyu Mmbulu amefanana na Tajewo wa Enguserosambu kama ndama na mama yake."

Naisula alishughulika sana na kuvaa glovu.

"Nyamaza," mwenzake akamjibu. "Unataka kupona, au unataka binti?"